Umebaki na mmoja mezani: njia tatu za kuchagua karata za kuanzia katika poka ya watu wawili

Mlianza watu sita. Wanne wameshaishiwa, chipu zao ziko kwako na kwa mwenzako mmoja aliyebaki upande wa pili wa meza. Unagawiwa karata mbili, unachungulia: kwini ya kopa na saba ya pau. Nusu saa iliyopita, meza ikiwa imejaa, ungezitupa bila hata kuwaza. Sasa unasita, na kusita huko kuna sababu.

Kwini na saba za alama tofauti ni mkono, yaani karata mbili za kuanzia, ulio karibu kabisa na katikati ya mikono yote. Ukiupeleka hadi karata ya mwisho dhidi ya karata mbili zozote zile, utashinda takriban mara 52 katika 100. Erik Seidel alikuwa na kwini na saba mwaka 1988 huko Las Vegas, kwenye mkono wa mwisho wa ubingwa wa dunia, akiwa amebaki na Johnny Chan peke yake. Karata tatu za kwanza zilizofunguliwa katikati zikawa kwini, ya kumi, na ya nane. Seidel akaona ana jozi ya kwini, karata iliyo juu kuliko zote za mezani. Chan, mwenye jeki na tisa, tayari alikuwa na mfululizo kamili wa karata tano, kuanzia nane hadi kwini. Akatulia, akamwachia Seidel aweke chipu zote mwenyewe. Ubingwa ukaenda kwa Chan kwa mwaka wa pili mfululizo.

Nimeuchagua mkono huu makusudi na nitaurudia mara kadhaa, maana ndio unaozitenganisha njia tatu ninazozilinganisha hapa. Asi mbili hazina ubishi, kila njia inazicheza. Shida ya watu wengi iko kwenye ile mikono ya katikati, na mkiwa wawili tu, mikono ya katikati ndiyo utakayoiona usiku kucha.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe. Vijana wengi wa Kenya wakisema poka wanamaanisha ule mchezo wa kumaliza karata mkononi, ambao mtu hutangaza "niko kadi" kabla ya kufunga. Huo ni mchezo mwingine kabisa. Hapa nazungumzia Texas Hold'em: kila mchezaji ana karata mbili zake za siri, na karata tano hufunguliwa katikati kwa ajili ya wote, tatu kwa pamoja, kisha moja, kisha moja ya mwisho.

Maneno nitakayotumia ni haya. Dau dogo na dau kubwa ni madau ya lazima yanayowekwa kabla ya kugawa. Katika mifano yangu yote dogo ni 50 na kubwa ni 100. Kupandisha ni kuongeza dau, kufuata ni kulipa kiasi alichoweka mwenzako, kupita ni kuachia zamu bila kuweka kitu, na kusukuma ni kuweka chipu zote kwa mpigo. Fungu ni chipu zilizokusanyika katikati. Mkwara ni ule ule wa mtaani: kumtisha mtu kwa nguvu usiyokuwa nayo. Alama ni kopa, uru, shupaza na pau, majina ambayo Kiswahili kiliyapokea kutoka kwa Wareno. Asi ni ile ambayo wazee huiita ree.

Wala huhitaji fedha kujifunza haya. Sisi tunacheza kwa vizibo vya soda, na hesabu zote zilizomo humu zinafanya kazi vilevile kwa vizibo, kunde au maharage. Kwa wanaojiepusha na kamari kwa sababu ya dini au kwa sababu ya mfuko, hakuna kinachopungua.

Vigezo vinne vya kupimia

Kigezo cha kwanza, na kwangu ndicho kizito kuliko vyote, ni mtaji. Chukua chipu za yule mwenye chache kati yenu wawili, ugawe kwa dau kubwa. Ukiwa na 6,000 na mwenzako ana 900, mchezo wenu ni wa madau makubwa 9, si 60, kwa sababu hawezi kukupotezea wala kukupa zaidi ya 900 kwa mkono mmoja. Watu husahau hili na kuanza kucheza kitajiri na mtu aliyebakiza kidogo.

Cha pili ni nani anasema mwisho. Mkiwa wawili, kanuni hubadilika: anayegawa ndiye anayeweka dau dogo. Yeye husema wa kwanza kabla karata za katikati hazijafunguliwa, na baada ya hapo husema wa mwisho hadi karata ya tano. Nyumbani kanuni hii hukosewa mno, mgawaji akaweka dau kubwa, na mchezo mzima ukapinda. Irekebisheni kabla hamjaanza. Kusema mwisho maana yake unamwona mwenzako kapita au kaweka dau kabla wewe hujaamua, na faida hiyo inaupa uhai mkono ambao bila hivyo ungekuwa wa kutupwa.

Cha tatu ni mwenzako: anatupa kirahisi, anafuata kila kitu, au anakushambulia? Cha nne ni kazi ya akili. Kuna njia ya kuikariri kwa jioni moja, na kuna njia itakayokuchukua miaka.

Njia ya kwanza: kusubiri mikono mizuri

Hii ndiyo njia ambayo karibu kila mtu hufundishwa kwanza, na kwenye meza ya watu tisa ni njia ya heshima. Unaingia na jozi kubwa, asi yenye karata nzito pembeni, kingi na kwini, mengine unatupa. Wengine hutumia alama za mwanahisabati Bill Chen. Karata ya juu hupewa alama: asi 10, kingi 8, kwini 7, jeki 6, na kuanzia kumi kushuka ni nusu ya namba yake. Jozi huzidishwa mara mbili na haipungui 5. Karata za alama moja huongezewa 2. Na pengo kati ya karata hupunguza, hadi alama 5 pengo likiwa kubwa. Asi mbili zinapata 20. Kingi na kwini za alama moja zinapata 10. Kwini yetu na saba inapata 2 tu.

Hapo ndipo kasoro inapoonekana. Kwa alama hizo jozi ya mbili inapata 5, kwini na saba 2. Lakini ukizipeleka zote hadi mwisho dhidi ya karata mbili za kubahatisha, jozi ya mbili inashinda mara 50 na chenga katika 100, na kwini na saba karibu 52. Alama hizi si mbovu. Zilitengenezwa kwa meza iliyojaa, ambapo kuna mtu nyuma yako mwenye mkono mzuri karibu kila mara. Mkiwa wawili, huyo mtu hayupo.

*Mtaji.* Mkiwa na madau makubwa 100 au zaidi, kusubiri hakukuui haraka. Mtaji ukipungua, kunakuua kimyakimya. Fanya hesabu: ukiingia na jozi kuanzia saba, asi kuanzia asi na kumi, na kingi na kwini peke yake, hiyo ni michanganyiko 128 kati ya 1,326 iliyopo, chini kidogo ya mmoja katika kumi. Katika mikono kumi utaweka dau kubwa mara tano na dau dogo mara tano: 750. Mwenye 3,000 atakuwa amezimaliza baada ya mikono 40, na ndani ya mikono hiyo ameona takriban minne tu ya kucheza. Na hiyo minne, mwenzake atakuwa ameshajua kwamba akiingia ana kitu, atamtupia karata.

*Kusema mwisho.* Njia hii inaipoteza faida hiyo. Unapokuwa mgawaji unatupa mikono tisa kati ya kumi, yaani unaikimbia nafasi bora uliyo nayo.

*Mwenzako.* Kuna mtu mmoja ambaye njia hii inamweza sana: yule asiyetupa kitu. Anayefuata hadi mwisho akiwa na jozi ya nne hawezi kutishwa kwa mkwara, na kumpigia mkwara ni kumchangia. Kwake yeye, ingia na mikono iliyo juu ya yake, weka dau kubwa ukiwa nayo, na uvumilie. Nimeona watu wakimkasirikia mchezaji wa namna hii kwa "ujinga" wake wakati wao ndio wanaomlipa.

*Kazi ya akili.* Ndogo. Orodha ni fupi, na baada ya karata tatu kufunguliwa mara nyingi unajua ulipo.

Njia ya pili: kupandisha karibu kila ukiwa mgawaji

Hapa mantiki inageuka. Huulizi tena kama mkono wako ni mzuri, unauliza kama mwenzako atakuwa nao. Karata mbili zisizo jozi hupata jozi au zaidi kwenye karata tatu za kwanza takriban mara moja katika tatu. Maana yake mara nyingi, si mbali na nusu, nyote wawili hamtapata kitu, na fungu litachukuliwa na aliyelitaka kwanza.

Tazama hesabu ya chipu. Wewe ni mgawaji, umeshaweka 50. Ukipandisha hadi 200 unaongeza 150 ili kuzipata 150 zilizopo, yaani dau lako dogo na dau lake kubwa. Akitupa zaidi ya nusu ya mikono yake, umepata faida papo hapo hata ungekuwa hujaziangalia karata zako. Ukipandisha hadi 250, unaongeza 200 kwa ajili ya 150, kwa hiyo sasa atupe zaidi ya mara 57 katika 100. Ndiyo maana wazoefu wa mchezo wa watu wawili hupandisha kidogo, mara mbili au mbili na nusu ya dau kubwa, tena kwa zaidi ya mikono saba katika kila kumi wakiwa wagawaji. Kwini na saba ya alama tofauti? Inapandishwa bila mjadala.

Kinachotupwa ni mabaki: saba na mbili, nane na tatu, tisa na mbili, tatu na mbili, na ndugu zake wa alama tofauti. Utasikia mtu akikutajia Doyle Brunson, aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 1976 na tena 1977, mara zote mbili mkono wa mwisho ukiwa karata ya kumi na karata ya mbili. Ni kweli, na karata hizo mbili zimepewa jina lake kwa sababu hiyo. Lakini mara zote mbili karata za katikati zilimtengenezea tatu na jozi. Mkono ulioshinda si lazima uwe mkono wa kurudia.

Kuhusu karata za alama moja, watu huzipenda kupita thamani yake. Asi na kingi za alama moja hushinda mikono ya kubahatisha mara 67 katika 100. Za alama tofauti, mara 65. Tofauti ni mbili. Zinasaidia zaidi mtaji ukiwa mkubwa, kwa sababu siku karata tano za alama moja zikikamilika unaweza kulipwa vizuri, lakini kwenye karata tatu za kwanza hizo tano hukamilika chini ya mara moja katika mia.

Ukiwa upande wa dau kubwa, njia hii pia inakutaka ujilinde kwa upana. Mwenzako akipandisha hadi 200, unaongeza 100 kugombea fungu litakalokuwa 400. Unahitaji robo tu ya ushindi, na hata tatu na mbili, mkono mbovu kuliko yote mkiwa wawili, hushinda takriban mara 32 katika 100 dhidi ya karata za kubahatisha. Kwa kuwa utasema wa kwanza hadi mwisho wa mkono, hutaivuna haki yako yote, kwa hiyo mabaki bado yatupe. Ila usitupe nane na sita, wala kingi na nne, kwa sababu tu zinaonekana hazina sura.

*Mtaji.* Njia hii inapumua kuanzia madau makubwa 20 kwenda juu. Kadiri mtaji unavyokua, hatari inahama: kosa haliko tena kwenye kuingia, liko kwenye kushindwa kutoka. Seidel hakukosea kuicheza kwini na saba akiwa na mtu mmoja mbele yake. Kilichomwangusha ni jozi ya juu yenye karata dhaifu ya pembeni kuingia kwenye fungu lililobeba kila alichokuwa nacho.

*Mwenzako.* Mtu anayetupa sana ndiye shamba lako. Anayejibu kwa kukupandishia kila mara anakulazimisha upunguze mikono. Anza kutupa ile ya chini kabisa, usishindane naye kwa hasira. Anayefuata kila kitu, rudi kwenye njia ya kwanza.

*Kazi ya akili.* Hapa ndipo gharama ilipo. Kupandisha kwini na saba ni rahisi. Kujua la kufanya zikifunguliwa asi, tisa na nne, mwenzako akapita, ukaweka dau akafuata, ni elimu nyingine. Mwaka 2017 programu ya Libratus, kazi ya Tuomas Sandholm na Noam Brown wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ilicheza mikono 120,000 huko Pittsburgh dhidi ya mabingwa wanne wa poka ya watu wawili, kila mkono ukianza na madau makubwa 200 kila upande. Iliwashinda kwa chipu zaidi ya milioni 1.7. Mabingwa wale walikuwa wakikaa kila usiku kuchambua udhaifu wake, na usiku huohuo programu nayo ilikuwa ikiziba mianya yake. Nalitaja hili kwa heshima, si kwa kukutisha: mchezo wa mtaji mkubwa ni mpana, na anayeuchagua achague pia kujifunza.

Njia ya tatu: sukuma au tupa

Mtaji ukishuka hadi madau makubwa 10 hivi, uchaguzi unabanana na kuwa mambo mawili. Unasukuma zote, au unatupa. Hakuna kupandisha hadi 200 na kubakiza 800, kwa sababu mwenzako akikusukumia utakuwa umeshaacha moja ya tano ya mtaji wako, na kutupa kutauma kama kufuata.

Nguvu ya njia hii ni kwamba anayesukuma ana milango miwili ya kushinda: mwenzake atupe, au karata zake zishinde. Anayefuata ana mlango mmoja. Chukua 1,000 kila mmoja, wewe mgawaji. Ukitupa unapoteza 50. Tuseme mwenzako atafuata mara moja tu katika tatu. Katika misukumo mitatu, miwili inakupa 100 kila mmoja, jumla 200. Ili msukumo uwe sawa na kutupa, ambako kungekugharimu 150 kwa mara tatu, ule mmoja unaofuatwa unaruhusiwa kukugharimu 350 kwa wastani, na hilo hutokea ukiwa na ushindi wa mara 32 na nusu katika 100. Karibu karata mbili zozote zisizofunikwa na karata za mwenzako, yaani asipokuwa na karata kama yako yenye nyingine kubwa zaidi pembeni, zinafika hapo. Nane na saba za alama moja hushinda asi na kingi karibu mara nne katika kumi. Hata saba na mbili huzishinda mara moja katika tatu.

*Mikono inayoingia.* Wanahisabati wamekokotoa jedwali la msukumo ambalo mwenzako hawezi kulinyonya hata akilijua. Kwa madau makubwa 10, mgawaji anasukuma zaidi ya nusu ya mikono yote: kila jozi, kila asi, kila kingi, na mikono mingi yenye kwini au jeki. Anayejibu anafuata na mikono michache zaidi, kama theluthi moja na kidogo. Tofauti hiyo ndiyo inayowachanganya watu. Asi na nne ambayo kwenye mtaji mkubwa ni mtego, kwa sababu ikikutana na asi na kingi hushinda takriban robo tu ya mara, hapa ni silaha. Jozi ya mbili, ambayo baada ya karata tatu kufunguliwa hujui uifanyeje, hapa haihitaji kufanyiwa lolote. Ikikutana na asi na kingi ni nusu kwa nusu, tena iko mbele kidogo.

*Kusema mwisho.* Faida yake inafutika. Chipu zikishaingia zote, hakuna tena wa kusema. Kwa hiyo ukiwa umechoka, au mwenzako anakuzidi ujuzi, njia hii inamnyang'anya alichokuzidi.

*Mwenzako.* Anayeogopa kutoka mchezoni ataachia misukumo mingi, na utamla dau kwa dau. Anayefuata kwa hasira, punguza takataka, ongeza asi na jozi.

*Kazi ya akili.* Jioni moja ya kukariri jedwali. Lakini liheshimu mpaka wake. Kusukuma 2,500 kwa ajili ya 150 zilizopo ni kujiuza. Atakusubiri na mkono mzuri, na mmoja utamtosha. Ukivuka madau makubwa 15, rudi kwenye kupandisha.

Na kulipa tu bila kupandisha?

Wengi hulipa 50 zilizobaki wakiwa wagawaji ili "waone karata". Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, akiwemo Michael Bowling, walitangaza kwamba programu yao Cepheus imeutegua mchezo wa watu wawili wenye kima maalumu cha kupandisha. Programu hiyo ikiwa mgawaji, karibu kila mara hupandisha au hutupa. Kulipa tu ni nadra mno. Kwenye mchezo usio na kikomo cha dau mambo si makali kiasi hicho, na wachezaji wazuri hulipa tu mara kwa mara, hasa mtaji ukiwa wa katikati na mwenzao akiwa mpenda kusukuma. Kwa anayeanza, ushauri wangu ni kuliacha kwanza. Linafundisha kuingia bila sababu.

Kulingana na hali yako

Kama umetoka kwenye meza kubwa na hujawahi kucheza na mtu mmoja, anza na njia ya tatu hata kabla ya ya pili. Mkubaliane muanze na chipu 1,000 kila mmoja, madau 50 na 100, mcheze michezo mifupi mingi. Utazoea kuona kingi na tano kama mkono wa kucheza, na jicho lako litabadilika.

Kama unacheza na ndugu au rafiki asiyetupa kitu, chukua njia ya kwanza, ila ipanue: ongeza jozi zote, asi zote, na karata mbili zinazoanzia kumi. Mkwara weka kando.

Kama mwenzako ni mtaratibu anayesubiri asi zake, njia ya pili. Pandisha hadi 200 kila ukigawa, mchukulie 100 zake moja moja, na siku akikupandishia yeye, mwamini na utupe.

Kama madau yanapanda kila dakika kumi, jifunze ya tatu hata ukiipenda ya pili, kwa sababu saa itakupeleka huko upende usipende. Kama madau hayapandi na mna usiku mzima, ya pili ndiyo yenye mavuno, na andika mikono iliyokupotezea chipu nyingi ili uipitie kesho yake.

Kama mwenzako anakushinda wazi kwa ujuzi, cheza mtaji mfupi.

Na ile kwini ya kopa na saba ya pau: ukiwa mgawaji na mtaji ni 800, sukuma. Ukiwa mgawaji na mtaji ni 4,000, pandisha hadi 200, na ukipata jozi ya kwini kisha mwenzako aliyekuwa kimya akaanza kukuwekea madau makubwa, kumbuka jeki na tisa ya Chan. Ukiwa kwenye dau kubwa na mgawaji amesukuma 1,000, itupe na usubiri karata zinazofuata.